Mikono ya Bill Mazeroski

Kila tarehe 13 Oktoba, ikifika mchana, watu hukusanyika mbele ya ukuta wa matofali katika mtaa wa Oakland, mjini Pittsburgh, Marekani. Huja na viti vya kukunja, jezi zenye namba 9 mgongoni, watoto wao na wajukuu wao. Ukuta huo ni mabaki ya Forbes Field, uwanja wa besiboli uliofunguliwa mwaka 1909 na kufungwa mwaka 1970. Uwanja wenyewe ulibomolewa na majengo ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh yakachukua nafasi yake, lakini kipande hiki cha ukuta na mlingoti wake wa bendera viliachwa. Watu wakishakaa, matangazo ya redio ya mechi iliyochezwa hapo mwaka 1960 hufunguliwa tangu mwanzo. Muda hupangwa kwa uangalifu, ili ikifika saa tisa na dakika 36 alasiri mtangazaji aseme lile ambalo kila aliyeketi pale analijua kwa moyo. Akishalisema, wote husimama na kushangilia, na wapo wanaolia.

Desturi hii ilianzishwa mwaka 1985 na shabiki mmoja aliyekuja peke yake na kaseti, akakaa chini ya mlingoti na kusikiliza mechi nzima. Wengine wakasikia habari zake, wakaanza kuja. Mwaka 2010, mechi ile ilipotimiza miaka 50, mchezaji anayeshangiliwa mwenyewe alikuwa miongoni mwao.

Mchezaji huyo ni Bill Mazeroski. Alizaliwa mwaka 1936 Wheeling, West Virginia, akakulia Ohio, mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Klabu ya Pittsburgh Pirates ilimsajili akiwa na miaka 17, na kuanzia mwaka 1956 hadi 1972 alicheza ligi kuu bila kuvaa jezi ya klabu nyingine. Kazi yake ilikuwa kulinda besi ya pili.

Kwa kupiga mpira hakuwa mtu wa kutisha. Wastani wake wa maisha ni .260, maana yake ni kwamba katika kila mara 100 alizohesabiwa kupiga, mara 26 tu ndipo pigo lake lilipomfikisha kwenye besi salama. Mipira aliyoipiga ikavuka ukuta, pigo ambalo mashabiki wa mchezo huu hulipenda kuliko jingine lolote, ilikuwa 138 katika misimu 17. Wapigaji wakubwa wa zama zake, watu kama Mickey Mantle na Willie Mays, waliweza kukusanya idadi hiyo kwa misimu minne. Klabu ilipompanga, haikumpanga kwa ajili ya gongo lake. Ilimpanga kwa sababu ya mikono yake, na ya miguu iliyosimama pale besi ya pili bila kuyumba.

Hata hivyo, ukizunguka leo kutafuta vitu vinavyotunza jina lake, karibu vyote vinahusu pigo moja la gongo. Jambo hili limenikaa moyoni tangu nilipoanza kusoma habari za mtu huyu.

Pigo lenyewe lilistahili kukumbukwa, na sitaki kulipunguzia hadhi hata kidogo. Ilikuwa mechi ya saba na ya mwisho ya World Series, fainali ya ligi kuu ya besiboli, ya mwaka 1960, Pirates dhidi ya New York Yankees, mbele ya watazamaji 36,683. Yankees walikuwa wamewachapa Pirates vibaya katika mechi tatu za fainali hiyo, kiasi kwamba ukijumlisha pointi za mechi zote saba, Yankees walipata 55 na Pirates 27. Lakini Pirates nao walikuwa wameshinda tatu, kwa taabu. Mechi ya saba ilipinduka na kupinduka tena: Pirates waliongoza 4-0, Yankees wakaongoza 7-4, Pirates wakapata pointi tano katika awamu ya nane, Yankees wakasawazisha 9-9 katika awamu ya tisa. Mazeroski akaingia kupiga, wa kwanza katika zamu ya mwisho ya Pirates. Mrushaji alikuwa Ralph Terry. Mpira wa kwanza ulikuwa mbaya, akauacha. Wa pili akaupiga juu, upande wa kushoto. Yogi Berra, aliyekuwa akilinda upande huo, alirudi nyuma hadi karibu na ukuta uliofunikwa na mimea inayotambaa, kisha akageuka, kwa sababu hapakuwa na la kufanya. Mpira ulivuka. 10-9. Mpaka leo hakuna mwingine aliyemaliza mechi ya saba ya World Series kwa pigo la namna hiyo.

Basi vitu vikaanza kukusanywa. Bamba la besi ya nyumbani, pale mpigaji anaposimama, leo limefunikwa kwa kioo kwenye sakafu ya Posvar Hall, jengo la chuo kikuu, na wanafunzi hupita juu yake wakienda darasani. Njia ya waenda kwa miguu ina alama inayoonyesha mahali mpira ulipovukia ukuta. Mwaka 1987 klabu iliistaafisha namba 9, isivaliwe tena na mchezaji mwingine. Mwaka 2013 sare aliyoivaa siku ile iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 600,000. Siku ya tarehe 5 Septemba 2010, alipotimiza miaka 74, sanamu yake ilizinduliwa nje ya PNC Park, uwanja wa sasa wa Pirates, karibu na barabara iliyopewa jina lake. Sanamu hiyo iliyotengenezwa na Susan Wagner inamwonyesha akikimbia, mikono juu, kofia mkononi, uso umejaa furaha.

Na mpira wenyewe? Uliangukia nje ya uwanja, ukaokotwa na kijana wa miaka 14. Kijana akaupeleka hadi chumba cha wachezaji amkabidhi mwenyewe. Mazeroski alitia saini yake kwenye mpira huo na kumrudishia, akamwambia abaki nao, kwamba kwake yeye kumbukumbu ilitosha. Baadaye kijana na wenzake waliuchezea, ukapotelea kwenye nyasi ndefu. Watu wengi husimulia kisa hiki kwa masikitiko, kwa kuwa mpira ule leo ungekuwa na thamani ya nyumba. Mimi nakipenda. Mpira uliotumika ukachakaa mikononi mwa watoto ulipata maisha yaliyo karibu zaidi na maisha ya Mazeroski kuliko ambavyo ungepata ndani ya kabati la tajiri.

Sasa tuingie kwenye kazi ambayo haina sanamu.

Vuta picha hii. Mpinzani mmoja yuko besi ya kwanza. Mwenzake anapiga mpira unaoburuzika chini kuelekea kwa mlinzi aliye kati ya besi ya pili na ya tatu. Mlinzi huyo anauokota na kuutupa besi ya pili. Mtu wa besi ya pili anatakiwa afike kwenye besi, aupokee mpira huku mguu wake ukigusa besi, jambo linalomtoa yule mkimbiaji wa kwanza, kisha ageuke na kuutupa besi ya kwanza kabla mpigaji hajafika. Yote hayo yana muda wa kama sekunde nne, na sehemu ya mtu wa besi ya pili ni chini ya sekunde moja. Wakati huohuo yule mkimbiaji anayetolewa anakuja kwa kasi, anajitupa chini na kuteleza, njumu zake za chuma zikielekea kwenye miundi ya anayetupa. Zama zile iliruhusiwa, na hata kutarajiwa, amvuruge ili asiutupe mpira vizuri.

Walinzi wengi huruka au husogea pembeni kukwepa. Mazeroski alibaki. Wapinzani walimwita Kisiki, kwa sababu ukimvaa, wewe ndiye unayeanguka. Mikono yake ndiyo iliyowashangaza hata wenzake. Alitumia glavu ndogo. Mpira ulipofika hakuufumbata. Aliuacha ugonge sehemu ngumu ya kiganja cha glavu, karibu na kifundo, ukaruka wenyewe na kuingia mkono wa kulia, na mkono huo tayari ulikuwa umeanza kurusha. Hakuvuta mkono nyuma. Aliutupa mpira kutoka usawa wa kifua, kwa kupindisha kiwiko na kifundo. Mtazamaji aliona mpira unaingia kwake na kutoka bila kuona umeshikwa wapi, ndiyo maana akapewa jina lingine, Asiye na Mikono. Katika maisha yake alishiriki mara 1,706 katika kutoa wawili kwa mpigo mmoja akiwa besi ya pili. Mwaka 1966 pekee alifanya hivyo mara 161. Hakuna mlinzi mwingine wa besi ya pili aliyefikia namba hizo mbili, kabla yake wala baada yake.

Mtu asidhani alikuwa akifanya hivyo kwenye sakafu laini. Ardhi ya Forbes Field ilijulikana kwa ugumu. Mpira ulidunda juu yake bila adabu. Ushahidi ulitokea siku ileile ya 13 Oktoba 1960, katika awamu ya nane. Bill Virdon wa Pirates alipiga mpira wa chini kuelekea kwa Tony Kubek wa Yankees, mpira wa kawaida kabisa, wa kutoa wawili kwa mpigo. Uligonga kitu ardhini, ukaruka na kumpiga Kubek kooni. Alianguka, akatolewa uwanjani na kupelekwa hospitali. Badala ya Yankees kutoa wawili, Pirates walibaki hai, na hapo ndipo zilipoanzia zile pointi tano. Bila mdundo ule mbaya, huenda pasingekuwa na awamu ya tisa ya kusimuliwa. Ardhi iliyomwangusha Kubek ndiyo ardhi ambayo Mazeroski aliitegemea kwa riziki yake tangu 1956. Alishinda tuzo ya Glavu ya Dhahabu mara nane akiinama juu ya ardhi hiyohiyo kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya mchezo.

Kwa nini basi tunatunza gongo na kuisahau glavu? Nadhani sababu ni kwamba kazi ya ulinzi haiachi kitu cha kushika. Pigo lina mpira uliovuka, lina ukuta uliovukwa, lina saa na dakika. Lakini mkimbiaji aliyetolewa besi ya pili mwezi Juni mwaka 1963, akavunja matumaini ya timu yake ya kupata pointi mbili, ameacha nini? Pointi ambayo haikupatikana haina mahali pa kuandikwa. Hata kadi za picha za wachezaji, ambazo watoto wa Marekani walizikusanya pamoja na ubani wa kutafuna, mgongoni zilipenda kujaza hesabu za kupiga. Mtoto aliyepata kadi ya Mazeroski ya mwaka 1957, ya kwanza ya Topps yenye sura yake, angeweza kudhani ameshika mchezaji wa kawaida tu. Sisi tunaofuata soka tunalijua hili: beki anayeokoa kwa miaka kumi hutajwa kwa lile bao moja la kichwa alilofunga kwenye fainali.

Fainali ileile ya 1960 ilikuwa na mfano wa pili, na naona ajabu kwamba hautajwi mara nyingi pamoja na wa kwanza. Mlinzi wa besi ya pili wa Yankees aliitwa Bobby Richardson, naye alikuwa wa aina ya Mazeroski: mkono mzuri, gongo jepesi. Msimu mzima wa 1960 alivusha mpira ukuta mara moja tu, na aliwaingizia wenzake pointi 26. Halafu katika mechi saba za fainali akaingiza pointi 12, rekodi ambayo hakuna aliyeipita. Alichaguliwa mchezaji bora wa fainali akiwa kwenye timu iliyoshindwa, na hadi leo ni yeye peke yake aliyepata heshima hiyo katika kushindwa. Walinzi wawili wa besi ya pili, ambao klabu zao hazikuwategemea kwa kupiga, ndio walioshikilia fainali hiyo kwa magongo. Nao wote wawili wamefungwa ndani ya wiki ile moja ya Oktoba, kana kwamba miaka mingine hawakwenda kazini.

Nikirudi kwenye sanamu, kuna jambo ambalo huenda wengi wanaopiga nayo picha hawaliwazi. Inamwonyesha akiwa anaizunguka besi ya pili. Pigo lilikuwa limekwisha, mpira ulikuwa nje, watu walikuwa wakimiminika uwanjani, na katika kukimbia kwake kurudi nyumbani alipita mahali pake pa kazi. Hapo alikuwa amesimama tangu saa saba mchana, na hapo alirudi msimu uliofuata, na mingine 11 baada yake. Shaba hiyo, pengine bila kukusudia, imeweka furaha ya pigo moja juu ya besi ya maisha yake yote. Ndiyo maana siwezi kuichukia.

Heshima iliyopatia kabisa ilichelewa. Jumba la Mashuhuri la besiboli lipo Cooperstown, jimbo la New York. Waandishi waliokuwa na kura walimnyima kwa miaka yao yote 15, na hoja ilikuwa ileile: hesabu zake za kupiga ni ndogo. Mwaka 2001 kamati ya wachezaji wa zamani na wakongwe wa mchezo ndiyo iliyomwingiza, na wapo waliolalamika kwamba mlango umelegezwa. Sikubaliani nao. Kama mchezo una pande mbili, wa kupiga na wa kuzuia, basi aliyeufikisha upande mmoja mahali ambapo hakuna mwingine amefika anastahili kuingia kwa mlango wa mbele. Hatuhitaji hata kulitaja pigo la 1960 kumtetea. Rekodi ya 1,706 inatosha kusimama peke yake.

Tarehe 5 Agosti 2001 alipanda jukwaani Cooperstown akiwa na hotuba aliyoiandika kwenye kurasa kadhaa. Alianza kwa kushukuru kwamba ulinzi nao umepata nafasi katika jumba hilo. Alisema maneno machache tu kisha sauti ikakatika. Akajaribu tena. Akawaomba radhi ndugu na marafiki waliosafiri kutoka mbali kuja kumsikiliza, akafuta machozi, akaziweka karatasi zake pembeni na kwenda kuketi, zikiwa hazijafika dakika tatu. Umati ulisimama kumpigia makofi, na wachezaji wakubwa waliokuwa nyuma yake jukwaani wakasimama pia, wakiwamo watu ambao wangeweza kumcheka kwa gongo lake. Walijua alichokuwa akikifanya pale besi ya pili.

Katika kumbukumbu zote, moja inanipa tumaini kuliko nyingine. Mwimbaji Bing Crosby alikuwa mmoja wa wamiliki wa Pirates. Aliamini kwamba akitazama fainali ile atailetea timu yake mkosi, kwa hiyo akaondoka na kwenda Paris, akalipa watu waiingize mechi ya saba kwenye filamu kutoka kwenye televisheni ili aitazame baadaye kama Pirates wangeshinda. Zama zile vituo vya televisheni havikuwa na mazoea ya kuhifadhi mechi, na kwa miongo mingi iliaminika kwamba mechi hiyo imepotea. Desemba 2009, mtu aliyekuwa akipekua hifadhi ya vipindi vya zamani vya Crosby, katika chumba cha kuwekea mvinyo cha nyumba ya mwimbaji huyo karibu na San Francisco, alikuta makopo matano ya filamu. Mechi nzima ilikuwa humo. Mwaka uliofuata ilionyeshwa Pittsburgh, katika ukumbi wa Byham, wachezaji wa zamani wakiwa wameketi miongoni mwa watazamaji, kisha ikarushwa kwenye televisheni na kuuzwa.

Sare inatuonyesha alichovaa, na ukuta unatuonyesha mpira ulipopita. Filamu ya Crosby ndiyo pekee inayomwonyesha akiwa kazini siku ile tangu awamu ya kwanza: akisogea hatua moja kushoto mrushaji anapojiandaa, akiinama, magoti yamekunjwa, glavu ndogo karibu na vumbi, akisimama tena mpira usipomjia, akirudi mahali pake. Anafanya hivyo kwa kila mpira unaorushwa, na mara nyingi mpira haumfikii kabisa. Kamera hata haimlengi; inabidi umtafute pembeni ya picha.

Ukiipata filamu hiyo, usikimbilie awamu ya tisa. Anza mwanzo, wakati Yankees wanapiga, na umtazame namba 9.